Muulize Bwana Afya: Shangazi hakula biriani

Barua za mwezi huu zimenijia kwa njia zote: kwa karatasi, kwa simu, na moja kwa mkono wa mtoto aliyenifumania nikinunua kashata pale Mwembe Tayari. Kazi nimestaafu, lakini Mombasa ukishaitwa Bwana Afya jina halina pensheni. Nimechagua barua nne. Ya kwanza imenichukua nafasi kubwa, na sikuona haya kuiachia.

*Bwana Afya, asalaam aleikum. Jumapili iliyopita tulimuoza mdogo wangu huku Kisauni. Biriani ilipakuliwa saa saba na nusu mchana. Saa kumi kasoro watu wakaanza kutapika, na kufika Maghrib nyumba imegeuka zahanati. Walioumwa karibu wote ni wa upande wa wanawake. Asubuhi yake wengi walikuwa na nafuu, alhamdulillahi. Sasa kuna wanaosema ni kipindupindu, kuna wanaosema sharubati ya ukwaju ilitiwa barafu ya maji machafu, na wakwe zetu wanasema ni mkono wa mtu. Mpishi analia. Pande mbili hazisemezani. Je, ukweli unaweza kujulikana, au ndiyo basi tena?*
*Dada wa bi harusi, Kisauni*

Wa alaykum salaam, mwanangu, na poleni nyote. Kwanza tukiondoe kipindupindu mezani, maana neno hilo likishatamkwa mtaani halirudi. Tazama saa. Kipindupindu huchukua saa kadhaa hadi siku 5 tangu vijidudu vimezwe, na wengi huanza siku ya 2 au ya 3. Tena ni ugonjwa wa kuhara zaidi ya kutapika: choo huwa maji matupu, meupe kama maji uliyooshea mchele, na aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Wageni wenu wametapika baada ya saa mbili na kitu, na kulipokucha wameomba chai. Huo si mwendo wake.

Ugonjwa unaokuja upesi hivyo, kati ya saa 1 na 6 baada ya kula, kwa kawaida haukungoja vijidudu vizaane tumboni. Sumu ilikuwa tayari imo katika chakula. Washukiwa wakubwa wawili. Wa kwanza ni stafilokoko, bakteria anayekaa puani na kwenye majipu na vidonda vya mikono ya mpishi. Wa pili ni Bacillus cereus, rafiki wa zamani wa wali. Nani kati yao? Hapo ndipo nilipokupigia simu, nawe ukaniambia mambo matatu uliyoona hayana uzito wa kuandikwa.

La kwanza: wali wa wanawake ulichemshwa Jumamosi saa nne usiku, kwa sababu wageni walikuwa wengi na meko machache, ukalazwa ndani ya sufuria kubwa umefunikwa kwa gunia. Wa wanaume ulipikwa baada ya swala ya alfajiri. La pili: masala ya kuku yalikuwa sufuria moja, wakapakuliwa wote. La tatu, nalo ulilisema ukicheka: shangazi yenu alikuwa amefunga, analipa deni la Ramadhani, akakaa harusini mchana kutwa bila kuonja kitu, akafuturu kwa tende na bilauri mbili za sharubati ile ile. Akalala usingizi wa pono.

Mwanangu, huyo shangazi ana thamani kuliko wagonjwa wote. Mtu akiumwa kila mmoja humkimbilia na kumuuliza amekula nini. Aliye mzima haulizwi kitu, na nusu ya habari anayo yeye. Shangazi amekunywa sharubati, barafu na yote, hakuumwa. Wanaume wamekula kuku wa sufuria ile ile, karibu wote hawakuumwa. Kilichobaki ambacho wanawake walikula na wengine hawakula ni wali uliolala.

Lakini shahidi mmoja hatoshi. Chukua daftari, pasua ukurasa katikati. Andika kila chakula, na kwa kila kimoja tafuta hesabu nne: waliokula wakaumwa, waliokula wakawa wazima, wasiokula wakaumwa, wasiokula wakawa wazima. Mfano tu, tuseme wanawake walikuwa 60 na walioumwa 31. Waliokula wali 50, wameumwa 30. Wasiokula 10, kaumwa 1. Sasa geukia sharubati: waliokunywa 48, wameumwa 25, wasiokunywa 12, wameumwa 6. Umeona? Sharubati, unywe usinywe, ni nusu kwa nusu, haina habari. Wali ndio unaotenganisha watu. Ukiwahesabu wagonjwa peke yao ungesema sharubati imeua mji, maana 25 katika 31 waliinywa.

Namna ya kuuliza nayo ina ufundi. Usimuulize mtu "ulikula nini?" Siku ya tatu atakuambia alichosikia jirani akisema. Muulize alikaa sinia gani, na nani wanne wenzake, nani alikuwa mkono wake wa kulia, nani aliyemsogezea pilipili. Sinia likirudi kichwani, chakula kinarudi nalo. Na uliza mmoja mmoja, si barazani mbele ya mama mkwe.

Jinsi wali unavyofanya hila hii: mbegu za yule Bacillus cereus hazifi kwa kuchemka. Sufuria kubwa lililofunikwa gunia, usiku wa Mombasa, katikati yake hubaki vuguvugu mpaka asubuhi, nao wanazaana humo na kuacha sumu. Asubuhi wali ukapashwa, ukafuka mvuke, kila mtu akadhani moto umemaliza kazi. Bakteria wenyewe labda wamekufa. Sumu haijali moto wa jikoni. Wali wa kulala utandaze kwenye masinia upoe upesi, kisha uingie kwenye friji. Kama friji ya kutosha haipo, pika alfajiri. Wakwe zenu wamesema ni mkono wa mtu, nami nakubaliana nao nusu: upo mkono uliofunika gunia, lakini ulikuwa na nia ya kuwashibisha.

Siwezi kuapa. Mabaki mlimwaga yote usiku ule ule kwa hasira, na hicho ndicho kitu pekee kilichokosewa baada ya harusi. Watu wakiumwa pamoja, weka kiporo cha kila sufuria kwenye chombo safi ndani ya friji, kiandike usile, na umpigie afisa wa afya siku hiyo hiyo. Maabara inapima chakula, haipimi maneno.

Na usidhani ujanja huu wa kuwauliza wazima ni wangu. London, mwaka 1854, kipindupindu kilichinja watu zaidi ya 600 kuzunguka bomba moja la maji la Broad Street. Daktari John Snow alihesabu maiti, ndiyo, lakini pia alienda kwenye kiwanda cha pombe kilichokuwa hapo hapo mtaani. Wafanyakazi walizidi 70, hakuna aliyekufa. Kumbe walikuwa wakinywa pombe ya kazini (wasomaji wangu mniwie radhi) na kiwanda kina kisima chake; hawakuwa na haja na lile bomba. Mpini wa bomba ulitolewa tarehe 8 Septemba. Wakati huo ni wachache mno waliokubali kuwa ugonjwa ule ni wa kijidudu ndani ya maji.

*Kaka, mimi na mke wangu tumepigwa na homa ya viungo, hata kushika kikombe kazi. Walipita vijana na mashine ya moshi, mtaa ukanuka dawa siku mbili. Wiki mbili baadaye jirani naye kaanguka. Na sisi tunalala ndani ya chandarua! Kosa letu liko wapi?*
*Mzee wa Kibokoni*

Pole kaka yangu. Kwa unavyoeleza, nadhani ni chikungunya, lakini mkapimwe, kwani malaria na dengi huanza kwa sura hiyo hiyo. Mpaka dengi iondolewe, mmeze paracetamol tu. Aspirini na ndugu zake kama ibuprofen waacheni, zinaweza kuleta kutokwa damu. (Dengi ina jina letu zuri, kidingapopo, na sijui kwa nini tumeliacha lizeeke kwenye kamusi. Chikungunya nayo ni ya Kimakonde, kujikunja. Ilitambuliwa kwanza huko Newala, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 na 1953. Aliyeipa jina alikuwa ameshaiugua, hilo naweza kuapa.)

Chandarua ni kizuri kwa malaria. Mbu wa chikungunya, yule mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana: asubuhi unaponywa chai yako barazani, na alasiri. Moshi wa mashine unawaua wanaoruka saa ile. Mayai hauyagusi. Anayataga ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, nayo hukaa makavu miezi kadhaa yakingoja. Ukijaza pipa tena, yanaamka. Tangu yai mpaka mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10, kwa hiyo zile wiki mbili zako zinatosha kabisa.

Watu wanadhani mbu ni wa mvua. Mlipuko mkubwa wa Lamu mwaka 2004, uliokuja kutufikia na sisi Mombasa, ulitokea wakati wa ukame. Maji yalikuwa haba, kila nyumba ikaweka akiba ndani, na akiba ile haikumwagwa wala kusuguliwa. Ilikadiriwa watu watatu katika kila wanne wa Lamu waliambukizwa. Mwaka uliofuata ikaingia Komoro, ikaenda Réunion. Hapa kwetu ikarudi mwishoni mwa 2017 na 2018. Na Mombasa, kaka, ni lini mifereji iliwahi kututosha tusiweke akiba?

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza itafute nyumba ya mtaani kwenu ambayo hakuna aliyeumwa, ubishe hodi, uone wanaweka vipi maji. Utajifunza kwao kuliko kwangu. Halafu rudi kwako: mapipa yafunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kamba, si bati lililopinda, kila wiki maji yamwagwe, ukuta wa pipa usuguliwe kwa brashi ngumu mpaka chini. Tazama trei ya nyuma ya friji, tairi la paani, na ile sahani chini ya chungu cha mrihani wa mkeo.

Wazee wetu hawakuwa na mashine ya moshi. Kwenye mabirika ya misikiti na ya nyumba za mawe walifuga samaki wadogo wale viluwiluwi. Lamu utakuta birika la zamani limejengewa bakuli la kauri chini kabisa, ili maji yakipungua samaki wasife. Nilipoliona mara ya kwanza nilichuchumaa pale muda mrefu, nikifikiria fundi aliyekaa akamwazia samaki siku ya kukosa maji.

*Nikinunua mtungi wa lita 20 wa mkokoteni nitie dawa ya maji kiasi gani? Na ikinuka, si sumu?*
*Kijana wa Mikindani*

Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yako, kwa kuwa dawa hazina nguvu sawa. Maji ya tope yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa. Tia, tikisa, ngoja nusu saa. Harufu kidogo ni dalili kwamba dawa bado iko kazini, si sumu. Dawa ya kufulia yenye manukato usiitie. Huna dawa, chemsha mpaka yatokote vizuri dakika moja. Na tafadhali, usichote kwa kikombe chenye mkono wako ndani. Mimina, au tumia kata yenye mpini mrefu.

*Bwana Afya, mimi nauza viazi karai na bhajia hapa Majengo. Kila kikitangazwa kipindupindu, maafisa huja kwetu sisi wa barabarani kwanza. Cheti changu cha afya ninacho, nakipiga upya kila miezi 6. Juzi amekuja kijana na tableti, ananiuliza nani anahara nyumbani, choo chetu kiko wapi, maji nanunua kwa nani. Mwanangu alihara kweli wiki hiyo. Nikinyamaza nina dhambi, nikisema nafungwa biashara. Nifanye nini?*
*Mama Viazi*

Sema, dada yangu. Nitakuambia pia kwa nini naelewa ulivyoogopa.

Mtoto kwanza. Akihara maji maji mpe chumvi ya kuongeza maji mwilini, pakiti kwa kiasi cha maji salama kilichoandikwa juu yake, na umpeleke kituoni. Pakiti hakuna: sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko, kwa lita. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mgonjwa wa kipindupindu akiachwa bila tiba hali yake ikiwa mbaya, anaweza kufa kwa uwezekano wa nusu kwa nusu; akitibiwa vizuri, hafi hata mmoja katika mia. Tofauti yote hiyo ni maji, chumvi na kuwahi. Na wewe, mtoto akiwa anahara, muachie mwingine kupakua mpaka apone.

Yule kijana hakuja kukukamata. Maswali yake yote ni matatu tu, nani, wapi, lini, ameyavalisha nguo. Akipata majibu ya nyumba 30 anaweza kuona wagonjwa wanafuata bomba gani, au mkokoteni gani. Ukimnyima lako, anabaki na tundu kwenye ramani, na tundu hilo linaweza kuwa ndilo lenye kisima.

Viazi vyako vikitoka kwenye karai la mafuta havina kipindupindu. Ninachokutazamia ni ukwaju na chatne unavyovikoroga kwa maji baridi. Kijidudu hiki hakipendi uchachu. Huko Guinea-Bissau watafiti walikuta familia zilizotia ndimu kwenye chakula ziliugua kipindupindu kidogo kuliko wengine. Lakini usiipe ndimu kazi ya moto. Chemsha maji ya ukwaju usiku, upoze, ukoroge. Chatne ya nazi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: tui halina uchachu, na lisipochemshwa hulea. Mwaka 1991 huko Maryland, Marekani, watu wachache walipata kipindupindu kwa tui la nazi lililogandishwa, lililotoka Thailand, wakalimimina juu ya wali mtamu bila kulipitisha motoni. Nazi imesafiri nusu ya dunia na mgeni wake ndani.

Sasa langu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya zile mvua za El Niño, nilipelekwa kwenye mtaa mmoja ambao sitautaja. Nilikuwa kijana, nina baiskeli ya serikali na kalamu mbili mfukoni. Nikaandika wagonjwa 11. Tisa wakaniambia kila asubuhi hunywa uji wa bibi mmoja pale pembeni. Nikaenda. Uji wenyewe unatokota, lakini vikombe anasuuza katika ndoo moja, maji yamekuwa rangi ya majivu. Nikaona nimeshinda. Nikamfunga siku ile ile mbele ya wateja wake, nikamwaga na ule uji. Alikuwa ameshika kata mkononi, hakujua aiweke wapi.

Siku ya tatu wagonjwa wakaongezeka. Muuguzi mmoja aliyenizidi umri akaniuliza, bila hata kuinua kichwa kwenye sindano yake, "Na wazima je? Wao hawanywi uji?"

Nikarudi nyumba kwa nyumba, safari hii nikibisha kwa wasioumwa. Walikuwa wanakunywa! Mtaa mzima ulikuwa unakunywa uji wa yule bibi, kwa vikombe vile vile. Kilichowatenga wagonjwa ni kwamba mifereji ilipokauka walinunua maji kwa kijana mmoja wa mkokoteni, naye akichota kwenye kisima kifupi hatua chache kutoka chooni. Wazima walipanga foleni kwenye kioski, au walichemsha. Kisima kikafungwa, tukagawa klorini kila nyumba, na wiki ile wagonjwa wakaanza kupungua.

Ile ndoo ya kusuuzia ilikuwa chafu kweli, sifuti neno. Alihitaji maji ya moto na sabuni, nami ningemwambia hivyo bila kumfunga. Nilikwenda kumuomba radhi asubuhi aliyofungua tena. Watu walikuwa kwenye benchi. Hakunijibu. Alichukua kikombe, akakimwagia maji yanayotokota, akanitilia uji mpaka ukingoni, akasimama mbele yangu mikono kiunoni, akinitazama mpaka nilipomaliza.